Mtungi wa Shimo la Perege

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na milango na wageni wakipiga hodi, palikuwa na lambo moja katikati ya mbuga. Lambo ni bwawa la kuchimbwa. Wachungaji walilichimba wakanyweshea ng'ombe wao, na wote wakalifurahia. Kisha ukaja mwaka wa jua. Majani yakaisha, upepo ukawa wa vumbi tupu, wachungaji wakaswaga ng'ombe wao wakaenda zao. Walichokiacha nyuma ni kinyesi.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mkimaliza nitaendelea, maana bila kinyesi kile hadithi hii haipo.

Maji yakapungua. Yakawa ya kijani, yakawa ya kahawia, mwisho yakawa meusi kama masizi ya chungu, yakanuka. Chura akafunga virago akahama bila kumuaga mtu. Dagaa wakafa mapema, kwa kuwa dagaa akiambiwa tu kwamba kuna shida, hufa. Kisha wakafa perege. Walikimbilia shimo refu lililokuwa upande wa chini wa lambo, wakidhani huko kuna nafuu, wakafia humo wote, shimo likabaki linatoa mapovu. Pwo! Pwo! Tangu siku hiyo likaitwa Shimo la Perege, na kila aliyepita karibu nalo alifumba mdomo.

Waliobaki hai ni nyumba moja tu, nyumba ya kambale. Alikuwamo Bibi Mumi, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwamo mwanawe, Mjomba Ndevu. Na walikuwamo wajukuu wawili waliofiwa na mama yao: Sikudhani, binti mwembamba, mwepesi, mwenye sharubu ndefu kuliko umri wake, na mdogo wake Taabu, aliyezaliwa maji yalipokwisha kuharibika. Taabu hakuwahi kuona maji mengine duniani.

Mtaniuliza, waliishije? Kambale, wanangu, hachagui. Akipata mdudu, anakula. Akipata mzizi uliooza, anakula. Akikosa vyote, anafukua matope na kula alichokula ng'ombe jana. Na maji yakikosa pumzi, kambale hupanda juu, akafungua mdomo nje ya maji, akameza hewa, gubu! Kisha akashuka.

Lakini kupanda juu ndiko kulikokuwa na kifo.

Juu alisimama Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja, kimya, shingo ameikunja, mdomo wake mrefu umeelekea chini. Hakuwa na haraka. Alijua kwamba aliye chini, apende asipende, atapanda kuvuta pumzi. Kivuli chake kililala juu ya maji tangu jua linachomoza hadi linazama, na wale wa chini walikitazama huku vifua vinawabana.

"Usipande mahali ulipopanda mara ya kwanza," Bibi Mumi aliwafundisha. "Na usipande kwa pupa. Lala chini, tulia. Anayehangaika humaliza pumzi upesi, na anayemaliza pumzi upesi hupanda mara nyingi."

"Bibi, kifua kinauma," Taabu alinong'ona.

"Kinauma, najua. Vumilia kidogo. Kivuli kikisogea dada yako atakwambia."

Siku moja kivuli hakikusogea. Walingoja, wakangoja. Mjomba Ndevu, ambaye mwili wake ulikuwa mkubwa na ulitaka hewa nyingi, akashindwa.

"Mama, siwezi tena," akasema, akapanda.

Gubu!

Cho!

Maji yakatikisika mara moja, kisha yakatulia. Mjomba hakushuka. Bibi Mumi hakuona, lakini alisikia, akafunika kichwa chake kwa matope. Sikudhani alimkumbatia Taabu wakalala kimya kabisa, kwa kuwa hata kulia kunakula pumzi.

Huko juu Korongo alimeza, akapiga mdomo wake, ka-ka-ka, akainama juu ya maji akasema kwa sauti, makusudi wamsikie:

"Enyi wa nyumba ya matope! Huyu alikuwa mtamu. Lakini nimechoka kungoja kichwa kimoja kimoja. Kesho asubuhi nakuja na rafiki yangu Fisi Maji. Mimi nina mdomo, yeye ana mikono. Atawachimbua kama viazi!"

Akaruka. Kwa mara ya kwanza kivuli kikaondoka kabla jua halijazama, lakini hakuna aliyefurahi.

Fisi Maji si yule fisi wa porini anayecheka ovyo. Huyu ni mnyama wa mtoni. Ana manyoya laini, ana mikono yenye vidole kama ya mtu, na chakula chake ni samaki.

Jioni ile Bibi Mumi akamwita Sikudhani.

"Mjukuu wangu, mapezi yako yana nguvu. Toka usiku huu, utambae juu ya nchi mpaka mtoni. Kambale tumejaliwa hilo."

"Na nyinyi?"

"Mimi mzee, nitafika wapi? Na huyu ngozi yake bado laini. Jua litamkuta njiani, na mchanga ule utamkaanga kabla hajafika mtoni."

"Basi siendi."

"Utakufa, Sikudhani."

"Naogopa, bibi. Naogopa mpaka sharubu zinanicheza. Lakini siendi."

Bibi alitamani kumgombeza, akakosa moyo.

"Huyo Fisi Maji yukoje?" Sikudhani akauliza.

"Namjua. Ndiye aliyemla dada yangu, Mungu amrehemu. Alikuja mlangoni akapiga hodi. Dada akasema karibu, kwani angesema nini? Akaingia, akanywa maji, akashukuru. Akanawa mikono yake yote miwili. Halafu ndipo akamla, na alipomaliza akajifuta mdomo kwa jani."

Taabu akajificha nyuma ya mkia wa dada yake.

"Mbona alipiga hodi?" Sikudhani akauliza tena. "Si angeingia tu?"

"Hawezi! Kwao mtoni wanajiona watu wa adabu. Afadhali afe njaa kuliko aambiwe hakulelewa. Mgeni hali chakula kabla ya kupewa maji, na maji hayanywi mpaka mwenyeji ayaonje mbele yake, isije ikawa yametiwa kitu. Ndiyo desturi. Akishaona umeonja ukabaki salama, anakunywa bila wasiwasi."

Sikudhani akageukia mlangoni. Kule chini Shimo la Perege likapumua. Pwo! Pwo!

"Bibi," akasema, "mtungi wetu wa zamani uko wapi?"

Bibi Mumi akaelewa, akashtuka. "Usiniambie unakwenda kule!"

"Kule kule."

"Mtoto wewe! Maji yale si ya kunywa hata kwetu. Mimi niliyaonja katika ukame wa ujanani mwangu, kabla perege hawajafia humo, nikalala kwenye matope nikidhani nimekufa. Na ukiyaleta utayaonja wewe kwanza, mbele yao!"

"Ulilala, bibi. Hukufa."

Akachukua mtungi, akaenda. Alifumba mdomo, lakini harufu ilimpenya hata kwenye magamba ambayo kambale hana. Akateka kutoka chini kabisa, mahali penye weusi mzito, akarudi akauweka mtungi kwenye kona ya nyumba na kuufunika kwa jani la yungiyungi. Usiku ule hakuna aliyelala ila Taabu.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka zaidi. Kizingiti cha nyumba yao kilikuwa nje, kikikauka juani. Wakasikia hatua. Nyatu, nyatu, nyatu. Hizo za Korongo. Nyuma yake zikaja nyingine laini, taratibu, kama za mtu anayekwenda kuposa.

"Hodi!" sauti nzuri ikaita.

Sikudhani alitamani kukimbia, lakini mtu akiwa na mdogo wake nyuma hana pa kurudi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," Sikudhani akasema. Sauti ilitoka nyembamba. Akajikaza. "Karibuni! Shikamooni."

"Marahaba, binti, marahaba!" Fisi Maji akainama mlangoni. Manyoya yake yalikuwa yamechanwa, na kifua chake kilikuwa cheupe kama kanzu ya Ijumaa. Alitabasamu na meno yake yakaonekana yote. "Habari za hapa? Hamjambo? Bibi hajambo?"

"Hatujambo."

"Hicho ndicho ninachokipenda. Nimetembea juani tangu alfajiri nimekauka koo, nafika mahali napokewa vizuri." Akamgeukia Korongo. "Unaona, ndugu yangu? Wewe unadonoa watu vichwani kama huna kwenu."

"Adabu haishibishi," Korongo akanung'unika. "Anza kuchimba."

"Maji kwanza. Nitaanza na yule mdogo, ana nyama laini. Lakini maji kwanza."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayechagua andazi. Taabu alisikia kila neno. Hakulia, ila alimshika dada yake pezi kwa nguvu.

Sikudhani akachukua kata, ile waliyoitengeneza kwa gamba la konokono, akateka maji ya kawaida ya pale mlangoni. Akanywa funda moja, akampa mgeni kwa adabu zote.

Fisi Maji akanusa, akakunja uso. "Yananuka, binti."

"Ndiyo maji yetu, mzee. Mtusamehe."

"Na ule mtungi pale kwenye kona una nini?"

Sikudhani akasogea upesi akauziba mtungi kwa mwili wake. "Ule? Hamna kitu. Ule si wa wageni."

"Aa! Si wa wageni?"

"Ni dawa ya nyumba, mzee. Bibi alikataza usiguswe."

"Sikudhani!" Bibi Mumi akafoka kutoka ndani, na hofu iliyokuwa kwenye sauti yake haikuwa ya kuigiza. "Usiwape! Usiwape maji yale, mjukuu wangu!"

Korongo akanyoosha shingo yake yote. "Kumbe! Nilijua! Fisi Maji, sikiliza. Nimesimama hapa kiangazi chote. Dagaa walikufa, nikawaona. Perege walikufa, nikawaona. Chura, mwenye miguu minne, alikimbia. Hawa wanakaa kwenye uchafu huu, jua linawapiga, chakula hamna, na bado wanapanda, gubu, wanashuka, gubu, wanashuka. Kila siku najiuliza, hawa mbona hawafi? Kumbe wana dawa!"

"Ni kweli, binti?" Fisi Maji akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imeingia tamaa. Mto wao nao ulikuwa unakauka, na yeye aliogopa kiangazi kama mtu mwingine yeyote.

Sikudhani akainamisha kichwa. "Nikisema si kweli nitakuwa mwongo. Anayekunywa haya hashindwi na jua, hashindwi na njaa. Lakini ni kidogo, mzee, na sisi..."

"Nyinyi hamtayahitaji tena," Korongo akasema, akacheka. Ka-ka-ka!

"Teka," Fisi Maji akaamuru. "Na uonje."

Sikudhani akafunua mtungi. Harufu ikatoka, Korongo akarudi nyuma hatua.

"Dawa gani isiyonuka?" Sikudhani akasema haraka. "Ingekuwa na harufu nzuri si ingekuwa uji?"

Akajaza kata, akainua. Wanangu, niwaambie ukweli, hapo alijua anaweza kufa. Alimkumbuka mjomba. Alifumba macho akanywa, gu, gu, gu, mpaka tone la mwisho. Kitu kizito kikamshuka kifuani. Mlango ukazunguka, Fisi Maji akawa wawili, kisha akarudi kuwa mmoja.

"Aaah," akasema, akajipangusa sharubu. "Yamekolea."

Fisi Maji alikuwa anamtazama. Hakutabasamu tena.

"Wewe ni mjanja, binti. Nimeona macho yako yamezunguka. Mjanja anaweza kumeza hata kaa la moto akanyamaza." Akanyoosha kidole chake kirefu. "Mwite yule mdogo. Aonje yeye."

Hili Sikudhani hakulitazamia. "Mzee, yule ni mtoto..."

"Ndiyo maana namtaka. Mtoto hajui kuigiza. Ikiwa ni dawa, itamdhuru nini?"

Ndani Bibi Mumi alianza kusali. Sikudhani akatazama huku na huku. Akikataa, wamejua. Akikubali, anamtilia mdogo wake sumu kwa mkono wake mwenyewe. Mikono ya Fisi Maji ilikuwa tayari imeshika kizingiti, na udongo ulianza kumomonyoka.

"Nakuja," kikasema kisauti.

Taabu mwenyewe alikuwa ametoka. Akamnyang'anya dada yake kata, akaichovya mtungini, akainua.

"Taabu, taratibu..." Sikudhani akasema, machozi yakimtoka.

Gu. Gu. Gu. Gu.

Nzi alipita wakamsikia. Taabu akashusha kata, akailamba ndani, akailamba nje, akatazama juu.

"Dada, niongeze."

Fisi Maji akaangua kicheko cha furaha. "Umeona? Umeona, Korongo? Mtoto hadanganyi! Lete kata hiyo!"

"Nyamaza! Mimi kwanza!" Korongo akamsukuma. "Lambo hili nimelilinda mimi!" Akatumbukiza mdomo wake wote mtungini akavuta, fyoooo, mpaka mtungi ukabaki nusu.

"Huna adabu kabisa," Fisi Maji akasema. Akajaza kata, akasema bismillahi, akabana pua kwa vidole viwili, akanywa. Akajaza tena, akanywa tena. Kisha wote wawili wakakaa kizingitini kungojea nguvu.

"Naona kitu kinapanda," Fisi Maji akasema baada ya muda, uso wake unang'aa.

"Ndizo nguvu hizo, mzee," Sikudhani akajibu. Alijishikiza ukutani asianguke.

"Zinapanda... zinapanda..." Masharubu yake yakalegea. "Sasa zinashuka."

Ngurrrr! Tumbo likasema. Ngurrr-bubu-bubu!

"Samahani sana, mwenyeji," Fisi Maji akasema, akisimama huku amebana miguu. "Choo kiko upande gani?"

"Choo?" Taabu akashangaa. "Dada, choo ni nini?"

"Hatuna choo, mzee," Sikudhani akasema. "Kila kitu ni humu humu. Ng'ombe walimalizia humu, sisi tunamalizia humu, perege walifia humu. Ndiyo maji mliyokunywa."

Fisi Maji akaitazama kata. Akaitazama mikono yake aliyokuwa ameinawa mara nyingi maishani mwake. Akatoa sauti ambayo mnyama wa adabu hatoi mbele za watu.

Msinicheke hivyo, Fisi Maji alikuwa anaumwa kweli. Lakini Korongo ndiye aliyekuwa na hali mbaya, kwa sababu ya pupa yake. Shingo ilikuwa imelala chini kama kamba, macho yanaelea, mbawa zinapiga vumbi.

"Yule mzee!" akalia. "Yule mzee wenu wa ndevu niliyemla jana! Ananigeuka tumboni! Ananikanyaga!"

Fisi Maji akamtazama mwenzake, akaanza kufikiri, na hofu ikamwingia. "Wewe ulikula samaki wao?"

"Jana! Mmoja tu!"

"Mimi sijala, nimekunywa tu, na hali yangu ni hii. Wewe umekula nyama yao, unakufa kabisa!" Akamgeukia Taabu, yule aliyemchagua awe wa kwanza. Taabu alikuwa anapapasa kata, akitafuta tone lililosalia. "Na huyu... huyu tangu lini anakunywa maji haya?"

"Tangu akiwa yai," Sikudhani akasema. "Kila mnofu wa mwili wake umelowa humo. Karibu mzee. Maji mmekwisha kunywa, chakula ndicho hiki. Au hamtaki kutuonja?"

"La! La, binti, tumeshiba!" Fisi Maji akarudi kinyumenyume. Ngurrr! "Asanteni kwa ukarimu! Samahani kwa usumbufu! Bibi, kwaheri!" Akageuka akakimbia, akisimama kila penye kichaka. Nyuma yake Korongo alijikokota, hawezi kuruka, akitapika na kumtukana marehemu.

Hatua zikapotea. Lambo likawa kimya.

Hapo ndipo Sikudhani akaanguka.

"Dada!" Taabu akalia.

Alilala kwenye matope, tumbo juu, mdomo unafunguka na kujifunga bila kitu. Maji meusi yalikuwa yamemaliza nguvu zake, hakuweza kupanda kuvuta pumzi. Bibi Mumi akatoka nyumbani akipapasa.

"Yuko wapi? Nishikishe, Taabu. Nishikishe!"

"Bibi, Korongo akirudi..."

"Acha arudi!"

Bibi, ambaye kiangazi chote hakuwa amepanda bila kungoja, akaingiza kichwa chini ya tumbo la mjukuu wake. Taabu akasukuma mkia. Wakampandisha pole pole, mzee asiyeona na mtoto asiye na nguvu, mpaka mdomo wake ukatoka nje ya maji. Wakangoja. Hapakuwa na kivuli, lakini hofu ya kivuli walikuwa nayo.

"Vuta, mama yangu. Vuta," Bibi akasema.

Gu... bu.

"Tena."

Gubu!

Wakampandisha hivyo siku ile nzima, na siku iliyofuata, mpaka akapata nguvu za kupanda mwenyewe.

Korongo alipona, lakini alivyo na mdomo mrefu hakuweza kunyamaza. Alimwambia Kwazi, yule tai mla samaki, akamwambia Kenge, akamwambia kila mwenye jino na kucha: samaki wa lambo lile ni sumu tupu, mimi nilikula mmoja nusura nife. Hakuna aliyekuja tena. Kambale wetu wakapanda, gubu, wakashuka, wakala matope yao kwa amani mpaka wingu la kwanza likaonekana.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha usiku na mchana, lambo likajaa, uchafu ukasombwa, chura akarudi akijifanya hakuwahi kuondoka. Maji yakawa mapya, baridi, meupe, unaona mpaka chini. Bibi Mumi akayaonja akalia machozi, akimkumbuka mwanawe ambaye hakuyafikia.

Sikudhani akajaza kata akampa mdogo wake.

"Haya, Taabu. Kunywa. Haya ndiyo maji."

Taabu akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akakunja uso, akalitema.

"Dada," akasema, "mbona haya yameharibika?"

Basi wanangu, nendeni mkalale, na mkumbuke: usipime sumu kwa tumbo la aliyelelewa nayo.